Kifupa cha Ng'ombe kwenye Gita la Bei

Ukitaka kumkasirisha Mzee wa Solo, usijisumbue kumtukana. Mwambie tu kwamba gita lako halilii vizuri. Hatakutazama usoni. Atakutazama vidole, kisha atasema, "Gita haina kosa. Leta mikono nione." Nimemsikia akiwaambia hivyo vijana wa kwaya, na wapiga gita waliovuka mpaka kutoka Bukavu na magita yanayong'aa, na hata padri mmoja aliyekuja kumsalimu tu na kwa bahati mbaya akagusia gita lake la zamani la seminari. Padri wa watu akanyoosha mikono. Ikakaguliwa mbele ya mlango wa kanisa, na ikaonekana ina kosa.

Tulimwita Mzee wa Solo kwa sababu katika kwaya yetu ya Kamembe yeye ndiye aliyepiga gita la solo, lile linalopanda juu na kuzungumza wakati waimbaji wanavuta pumzi. Mimi ni gita la pili, la kusindikiza, ambalo kazi yake ni kukaa chini na kutomwangusha. Nauza vitenge sokoni, nina mume na batoto, na nilianza kujifunza gita nikiwa mtu mzima kabisa, jambo ambalo mume wangu alilicheka hadi chai ikampalia. Mzee wa Solo hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Maman, kucha zako uko tayari kuzikata?" Nikazikata siku ileile, na zilikuwa kucha nzuri, za kupakwa rangi kila Jumamosi.

Alikuwa na koti moja la kijivu alilolivaa jua liwake, mvua inyeshe. Kwenye mfuko wa kifuani, pale watu wanapochomeka kalamu, yeye alichomeka bisibisi. Hakuweza kuona skrubu iliyolegea akanyamaza. Benchi za kanisa alizikaza zote, moja baada ya nyingine, wakati wa mahubiri. Kwenye harusi ya mpwa wangu aliinama nyuma ya kiti cha bwana harusi, watu wakadhani ameangusha kitu, kumbe anakaza mguu wa kiti na bwana harusi amekikalia. Alihimiza uvumilivu kwa kila mwanafunzi, lakini chai alikunywa ya moto hadi machozi yakamtoka, kwa sababu kungoja ipoe kulimshinda. Na aliinywa bila sukari. Si kwa ugonjwa. Kikopo cha sukari nyumbani kwake hakikuwa na sukari tangu zamani. Kilikuwa na skrubu, vipande vya nyuzi na takataka nyingine za magita, na sukari ya kweli mke wake aliifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni.

Mke wake! Huyo naye angestahili kuandikiwa peke yake. Lakini nimwache kwanza, niseme habari ya mifupa.

Kwa asiyejua gita: pale shingo inapokutana na kichwa, kuna kijipande kidogo chenye mifereji sita. Kila uzi hupita kwenye mfereji wake kabla ya kwenda kukazwa. Kwenye magita ya bei chini kijipande hicho ni cha plastiki, na plastiki Mzee wa Solo aliichukia kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi. Alisema plastiki inakula sauti. Yeye alitaka mfupa, na mfupa wenyewe wa ng'ombe, wa mguu, ule ulio mgumu. Mchinja nyama mmoja wa Kiislamu pale chini ya soko alimwekea, na alishazoea kumwuliza, "Leo ni ya supu ao ya muziki, Mzee?"

Ilikuwa karibu kila mara ya muziki. Mfupa ulichemshwa kutwa nzima hadi mafuta yote yatoke, ukaanikwa juu ya bati, ukalindwa dhidi ya kunguru, ukakatwa kwa msumeno, ukasuguliwa kwa tupa na msasa hadi ukawa mweupe na laini. Vumbi lake lilijaa kwenye nyusi zake. Na sufuria uliyochemshiwa ni ya mke wake, ile kubwa, ya sikukuu. Nilimkuta mama wa watu siku moja amekaa mlangoni, amejifunika pua kwa upindo wa kitenge.

"Bantu banapita banazania niko napika supu," aliniambia. "Bananiambia, Maman, leo munakula! Supu wapi? Niko napika gita!"

Ndani mzee akajibu, "Ni kifupa tu!"

"Kifupa chako kiliharibu sufuria yangu! Hata maharagi inanuka ng'ombe!"

Gita langu mimi lilikuwa jekundu. Lilitengenezwa China, nililinunua Bukavu, na nikavuka nalo daraja nimelifunga mgongoni kwa kitenge kama mwenzangu yeyote anayetoka kufanya biashara na mtoto wake. Afisa wa mpakani alilitazama, akasema, "Huyu mutoto, shingo murefu hivi, alifanana nani?" Watu wote kwenye foleni wakacheka, na mimi nikapita kwa furaha kama mzazi.

Jumapili iliyofuata nilimwita Mzee wa Solo aje alibariki. Ikawa siku ambayo wakwe zangu walishuka kutoka Mururu kututembelea, na sebule ilikuwa imejaa. Alikaa, akalipokea, akapitisha kidole pale shingoni, uso ukakunjamana. Hakuomba ruhusa. Alilegeza nyuzi, akatoa wembe, akachora kando ya kile kijipande cha plastiki kukata gundi, akaweka kibao kidogo, akatoa nyundo mfukoni na, tak! Akaligonga gita langu jipya mbele ya ukoo mzima. Plastiki ikaruka hadi kwenye sahani ya karanga.

Mama mkwe alishika mdomo. "Yesu wangu! Anaua kitu ya bantu!"

"Haikufe, Maman," alimjibu bila kuinua kichwa. "Haikuwe bado na uhai."

Basi ndivyo tulivyoanza. Kwanza kifupa. Kisha nyuzi zenyewe, maana zile za kiwandani alisema zinafaa kuanikia soksi. Baadaye tukabadilisha funguo za kukazia nyuzi, kwa kuwa za mwanzo zilikuwa zinateleza katikati ya wimbo, na mwisho zile maikrofoni mbili zinazokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Alizipata kwenye gita moja lililokufa huko Bukavu. Kila badiliko lilitanguliwa na ugomvi. Mimi nilitaka kuliuza lile jekundu na kununua zuri, la jina, kama yale wanayopiga watu wa video. Mtu unachoka kuungaunga! Unataka kufungua sanduku, utoe kitu kizima, upige.

"Sikia, Maman," aliniambia siku moja, bisibisi mdomoni. "Gita ya bei chini inakuya haiyaisha kutengenezwa. Bale ba kiwandani banakuachia kazi. Ukiimaliza weye, inakuwa ya kwako. Ile ya bei inakuya imeisha. Weye utafanya nini ndani? Utakuwa mugeni."

"Na kama mi nataka ile iliyoisha?"

"Basi ununue na kabati ya vioo. Uiweke, ukae, uitazame."

Nilimwamini. Nani asingemwamini, kwa namna alivyosema? Kwa miaka niliwahubiria wengine maneno yaleyale, kwa sauti ileile, na nikajiona mjuzi. Hadi siku niliyomfuma.

Nilikuwa nimevuka kwenda Bukavu kuchukua vitenge. Napita mbele ya duka moja la vyombo vya muziki, nikaona koti la kijivu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, mikono bado inatona maji kwa jinsi alivyotoka kuinawa, na mapajani amepakata gita la rangi ya asali. La bei, lile lenyewe, la kufungiwa juu ukutani. Hakuwa analipiga. Alikuwa ameliegemezea kidevu tu, macho nusu yamefumba. Mwenye duka aliendelea na simu yake. Alionekana amemzoea.

Nikakohoa. Mzee wa watu karibu aanguke.

"Nimekuya kuitukana," alisema.

"Naona."

"Kila nikivuka napita kuitukana kidogo."

Njia nzima ya kurudi alilitukana kwa bidii. Zito. Rangi yake kama chai ya hospitali. Wanunuzi wake ni watu wanaonunua jina, wakifika nyumbani hata kulikaza hawajui. Mimi nilibeba furushi langu na kuitikia, eeh, kweli, Papa, kweli kabisa. Tulipofika katikati ya daraja akasimama, akashika chuma cha pembeni. "Lakini shingo yake, Maman," alisema. Hakumalizia. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimhurumia mtu yule, nikajifanya natafuta kibali changu cha kuvukia.

Sasa lazima nieleze uzi wa nne, maana bila huo hakuna Mzee wa Solo. Dukani uzi wa nne wa gita huja mnene, na sauti yake ni ya chini. Wazee wa mtindo wake huutoa, wakaweka uzi mwembamba mahali pake na kuukaza hadi ulie juu kabisa. Mtindo huo wanauita mi-kompoze, na mikono iliyolelewa nao haiwezi kuuacha. Vidole vinakimbilia pale vikijua kuna mlio mkali unangoja. Yeye alipougusa uzi ule kwenye kuitikia kwa Sanctus, ule wimbo wa Mtakatifu, kanisa lilipata upepo. Kuna mama mmoja anayeuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, hupanda kutoka Nkanka na beseni kichwani, na ni mwumini wetu pia. Alisema siku za mazoezi uzi ule humfikia hadi barabarani, naye hutua beseni, hata kama mteja anamngoja. Kwa hiyo kila kifupa alichochonga mzee kilikuwa na mfereji wa nne mwembamba, wa kuushika uzi huo barabara usitikisike.

Mwaka huu kwaya yetu ilijiandaa kwa yubile yake. Waliokuwa waimbaji wetu zamani na sasa wanaishi Ulaya wakaahidi kuja, na kabla ya kuja wakatuma zawadi. Prezidenti wa kwaya, mtu mpole anayeuza chaja na vifuniko vya simu, alilifungua sanduku baada ya misa, mbele yetu sote. Lilikuwa gita la bei. La rangi ya asali, kama lile la Bukavu.

Mzee wa Solo alisogea hatua mbili, akalitazama, kisha akageuka na kutoka nje. Tukaangaliana. Soprano mmoja akasema, haya, amekasirika, mnajua anavyoyachukia. Mimi nikatazama dirishani. Alikuwa bombani, amekunja mikono ya koti, ananawa.

Mnaweza kucheka, na mimi nilicheka. Na alichokifanya jioni ileile hakuna aliyekitegemea: gita lake la zamani, lile lenye vifupa vyake na jasho lake, aliwapa vijana wa kwaya ya Mibirizi. Bure. Alilipeleka mwenyewe kwa moto, pikipiki ya abiria, akarudi anaimba. Aliyewahubiria watu wote wamalizie magita yao aliliachia lake kama mtu anayevua viatu mlangoni mwa nyumba mpya.

Lakini prezidenti alikuwa ameweka sheria. "Hii gita hakuna bisibisi, hakuna tupa, hakuna nyundo," alisema, na macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa koti la kijivu. "Benyewe bakifika, baikute vile baliituma." Na akawa analala nalo chumbani kwake, mke wake anasimulia mwenyewe.

Kwenye mazoezi mzee akafunga uzi wake mwembamba. Mfereji wa gita lile ulichongwa kwa uzi mnene. Ule mwembamba ukawa unacheza humo ndani na kulia zzz, zzz, kama nzi kwenye chupa. Akakunja karatasi, akaziba mfereji. Karatasi ikadumu ubeti mmoja. Prezidenti akamwomba kwa upole, na kweli kwa upole, aurudishe ule mnene ulivyokuja. Akaurudisha. Hakubisha hata kidogo, na hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Jumapili alipiga hivyohivyo. Nota zote zilikuwepo. Hakukosea. Ila kila vidole vilipokimbilia kwenye uzi wa nne, palipokuwa na mlio mkali sasa palikuwa na mngurumo chini, na sentensi yake ikaanguka katikati. Waumini walipiga makofi ya adabu. Nje, yule mama wa sambaza alimsogelea, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Papa, mulikuwa mugonjwa?"

"Hapana, Maman."

"Ah. Basi pole."

Alibaki amesimama pale, akaitazama mikono yake. Pande zote mbili.

Baada ya hapo hakuja mazoezini. Akatuma ujumbe kwamba watafute kijana wa Bukavu apige kwenye yubile, yeye vidole vyake vimeisha. Nilikwenda kwake, nikamkuta amekaa tu. Mezani kikopo cha sukari kimefunikwa. Nikamwambia, Papa, si vidole, ni mfereji, unajua vizuri ni mfereji!

"Gita haina kosa," alisema. "Miaka yote nilibaambia bantu hivyo. Leo juu ya kuwa imenishinda mimi, nigeuze?"

"Basi chukua langu. Lile jekundu. Kifupa ulikiweka mwenyewe."

"Bageni batoke Ulaya, baikute gita yao mu sanduku, mi nikipiga ya mwanafunzi? Hapana. Na weye utapiga nini? Makofi?"

Na la Mibirizi? Nalo vijana walikuwa wamekwisha kulipaka rangi ya kijani, na mtu hawezi kwenda kudai zawadi. Nilitoka pale nimekasirika sana. Nilimkasirikia yeye na maneno yake yaliyomrudi, nikawakasirikia waliotuma gita, nikalikasirikia gita lenyewe kwa uzuri wake. Mzee anamaliza safari yake akiamini mikono yake imekufa, kwa ajili ya mfereji mmoja! Nikaenda moja kwa moja dukani kwa prezidenti, nikamkuta anapanga chaja.

"Prezida, hii gita ni ya kwaya ao ya kitanda chako?"

"Maman, ikivunjika, batu ba Ulaya nitabaambia nini?"

"Sema ni mimi. Taja jina langu, la ubatizo na la ukoo. Kama inaharibika, nitasimama mbele yao siku ya yubile, nitasema nilipiga nyundo."

Alizungusha waya wa chaja kidoleni. Mwisho akasema, "Haitoke bila mimi."

Hivyo ndivyo tulivyoteremka Nkanka alasiri moja, moto mbili, prezidenti mbele amelikumbatia sanduku kama mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mibirizi. Mzee anakaa huko, kwenye mteremko, na njia ya wavuvi inapita chini ya ua wake. Alitufungulia bila koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani.

Niliweka sanduku mezani, nikalifungua. "Tumekuja kutoa kile kijipande," nilisema. "Prezida amekubali."

Prezidenti akakohoa kukubali.

"Kutoa ni rahisi," mzee akasema. "Na utaweka nini? Kuchonga kifupa ni kazi ya siku mingi. Yubile ni Jumapili. Mumechelewa."

Hapo mke wake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akacheka. Akaja, akakichukua kikopo cha sukari, akakifunua, akatia vidole kati ya skrubu, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Akakiweka mezani na kukifunua. Kifupa. Cheupe, laini, mifereji sita, wa nne mwembamba.

"Alianza kukichonga siku ile gita ilifika," alisema. "Alipima na karatasi ya nyimbo, prezida akiwa anatoa sheria yake. Sufuria yangu ilikuwa imepona, akaitia ugonjwa tena! Kila asubui anakitoa, anakitazama, anakirudisha. Mi nalifikiri anasali."

Mzee aliona haya, nami sikumcheka. "Basi," nikamwambia, "piga."

Alichukua nyundo. Alilegeza nyuzi zote, akaweka kibao pale pale panapotakiwa. Akainua mkono. Mkono ukabaki juu. Akaushusha, akaupangusa kwenye shati, akainua tena. Huyu ndiye mtu aliyeligonga gita langu mbele ya wakwe bila kupepesa! Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Siweze," alisema kwa sauti ndogo. "Maman, hii ilikuya imeisha. Mi ni mugeni. Mugeni hawezi kuvunja mulango." Akanipa nyundo. "Gonga weye. Mi naiogopa. Naipenda, naiogopa."

Akatoka nje. Prezidenti naye akasema anakwenda kuangalia ziwa kidogo. Tukabaki mimi na mke wake, na yeye akatoa rozari.

Nilichora kwa wembe pande zote, kama nilivyomwona akifanya kwenye sebule yangu. Nikaweka kibao. Nikagonga. Hakuna kitu. Nikagonga tena, pole, pole.

Kutoka nyuma ya mlango: "Piga kama muntu! Unaisalimia?"

Nikafumba macho, nikapiga. Tak! Kile kijipande cha kiwandani kikaruka, kikagonga sufuria ukutani. Mama akasema, "Yesu Maria." Nikafumbua macho. Gita zima. Shingo nzima. Pale palipokuwa na kijipande, palikuwa na nafasi safi.

Mzee alikuwa amekwisha kuingia. Akakichukua kifupa chake, akakitumbukiza, kikaingia kama kilizaliwa pale. Tone moja la gundi. Akafunga nyuzi, na ule wa nne, mwembamba, akautoa mfukoni mwa suruali. Ulikuwa humo sijui tangu lini. Akachomeka waya kwenye kispika chake alichokiunda kwa redio ya zamani. Akakaza, akasikiliza, akakaza. Akaenda nje bombani, akanawa, akarudi, akakaa.

Alianza na ile ya kuitikia Sanctus. Vidole vikakimbilia kwenye uzi wa nne, na uzi ukawa unangoja. Mlio ukatoka kwenye kile kispika duni, ukapita mlangoni, ukashuka mteremko. Nilikuwa nimesikia solo ile mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kuisikia hivi. Mikono yake na shingo ile ya bei, vyote viwili. Prezidenti alisimama mlangoni na mdomo wazi. Mimi nililia, nasema wazi, nililia kama mtoto, nyundo bado mkononi.

Chini, kwenye njia, mtu alitua beseni. Tulisikia bati likigusa jiwe. Kisha sauti ya mama wa sambaza ikapanda:

"Papa! Mulipona?"

Mzee wa Solo aliinamisha kidevu juu ya gita la rangi ya asali, akaendelea kupiga. Basi mke wake akatoka hadi ukingo wa ua, akaweka mikono kiunoni, akapaza sauti hadi ziwani:

"Alipona, Maman! Sufuria yangu ndiyo inabaki mugonjwa!"